Maswali yenu ya saa na sensa za kuogelea

Mumeniandikia sana wiki hii kuhusu saa na vile visensa vya kuvaa majini, vidude vya kupima mwendo wa mwili. Nimechagua matano.

*Nimeogelea lap 20 (ukuta hadi ukuta) saa yaniandikia 17. Ni mbovu? (Bamburi)*

Nshajibu hili mara ngapi jamani. Saa haioni ukuta, yangojea msukumo wako ukigeuka na mikono kuanza upya, sasa ukigeuka kivivu bila kusukuma ama ukishika kibao ukapiga miguu tu, mkono hautembei na hesabu yapotea. Na pima bwawa kwa tepu! La hoteli si lazima liwe mita 25, na ukiidanganya saa urefu basi kila kitu baada ya hapo ni uongo.

*Swolf yangu 38, ya rafiki yangu 45. Mimi ndo mzuri? (Tudor)*

Hapana. Swolf ni sekunde za lap moja ujumlishe na idadi ya mikono uliyopiga, na saa nyingine zahesabu ule mkono ulioivaa peke yake. Mwenzio akiwa mfupi, mikono itakuwa mingi tu. Jilinganishe na wewe wa mwezi jana, bwawa lile lile. Tena kuna watu wanaiteremsha kwa kuteleza mno kila baada ya mkono, namba yapendeza lakini mwendo umekufa.

*Mtoto wangu ana miaka 7, nimnunulie sensa? (Kizingo)*

La. Hizo pesa mlipe kocha.

*Nivae wapi nijue kasoro yangu ya fristaili? (Nyali)*

Swali zuri hili. Sensa yajua pale ilipofungwa tu. Ya kifundo cha mkono ina kipima mchapuko na kipima mzunguko, yaweza kukwambia mkono umeingia saa ngapi, umevuta kwa muda gani, umerudi vipi, lakini kiuno chako kikizama haina habari. Ukitaka kujua mwili walalia ubavu kiasi gani, na kama wageuka zaidi upande unaovutia pumzi (wengi wenu mko hivyo, nawaona), ifunge chini ya mgongo juu kidogo ya makalio, na ikaze, ikichezacheza yapima mchezo wake yenyewe. Halafu mtu akurekodi na simu kutoka ukingoni. Kabla ya kuanza gonga sensa mara 3 mbele ya kamera, yale mapigo yaonekana kwenye grafu na kwenye video, hapo unavilinganisha. Grafu bila video itakwambia kuna kitu, haikwambii ni kiwiko kimeanguka au umeinua kichwa.

*Pale ufuo wa Pirates ramani ya saa yanionyesha zigizaga hadi nchi kavu, nami huenda alfajiri peke yangu kukiwa shwari. (Mtwapa)*

GPS haipiti kwenye maji, saa yashika satelaiti pale mkono unapotoka juu tu. Weka modi ya baharini, ama ifunge juu ya boya unalovuta. Na spidi usijisifu nayo, bamvua hapa kwetu maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo ukikubeba saa yaandika ni wewe.

Lakini hiyo ya peke yako imenikosesha raha. Saa haitakutoa majini ukishikwa na mkakamao. Tafuta mwenzio kwanza, habari ya ramani tutaongea.