Jibu: Yadi hawataki nijaribu gari barabarani (Malindi)

Salaam ndugu. Umesema muuzaji wa yadi ya magari anakuzungusha ndani ya ua tu, kila ukifika unakuta injini ishawashwa, na anataka arbuni kwanza. Usitoe hata shilingi.

Anza na injini. Mpigie asubuhi umwambie asiiwashe. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na moto, rudi siku nyingine. Injini iliyokwisha pata moto huficha milio na moshi wa buluu, na hapo ndipo watu wanapouziwa balaa. Wananiudhi sana kwa hili!

Kisha dai kulijaribu kwenye barabara ya kwenda Mombasa, mpaka Gede, mtu wao akae kando yako. Hakikisha kwanza gari lina bima. Zima redio. Kanyaga breki polepole ukiwa kwenye kasi. Usukani ukitetemeka, huenda diski zimepinda.

Sisi wa pwani tuna chumvi ya bahari pia, na huleta kutu. Inama uangalie chesisi (fremu ya chini ya gari) na mabomba ya breki. Rangi nyeusi mbichi pale chini hunitia shaka kuliko kutu yenyewe, maana huenda inaificha.

Gia otomatiki mwachie fundi wako, nenda naye. Umiliki uthibitishe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Wakikataa barabara kabisa, shuka Mombasa, yadi ziko tele.