Usitume hata senti kwa huyo dalali kabla hujashika kaplingi (kile kiungio cha mpira wa maji) mkononi

Mkuu, simamisha kwanza huo muamala. Kama ulishaanza kuandika namba ya siri, futa. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika kwamba nyie vijana wa Nachingwea mmechangishana mnataka kuanzisha kikosi cha kujitolea cha kuzima moto. Ukauliza mambo kibao: zamu zipangweje, sare ziwe za namna gani, mafunzo mpate wapi, kibali kwa nani. Halafu chini kabisa, kama vile si kitu, ukamalizia kwamba kuna jamaa Dar ana kigari cha zimamoto cha Kijapani kilichotumika, pampu nzima, mipira yake ipo, na anataka kianzio wiki hii kwa sababu "kuna mteja mwingine kutoka Songea". Hayo mengine watakujibu wakuu wengine humu. Mimi nimekuja kwa ajili ya huo mstari wa mwisho. Mteja wa Songea hayupo. Sisi tuliambiwa ni wa Tunduru.

Niko Newala, huku juu kwenye uwanda wa Makonde ambako maji ni habari ndefu tangu wazee wetu. Tulianza hivyohivyo mnavyoanza nyie: bodaboda wa kijiweni, mafundi wa kuchomelea, mwalimu mmoja, na karani wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, aliyekuwa na uchungu baada ya vibanda vya soko kuungua huku watu wanatazama na ndoo mikononi. Msimu ule minada ya korosho ilienda vizuri, watu wakatoa bila kusukumwa. Ikafika milioni 23. Na hela ya korosho mnaijua watu wa Kusini, ikilala ndani siku mbili inaanza kuwasha. Tukaitafutia gari.

Dalali alitupokea kwa soda. Akatuwashia pampu pale uani kwake, ikanyonya maji kwenye pipa, nozeli ikarusha mpaka juu ya paa la jirani. Watoto wakashangilia. Na sisi watu wazima, wajumbe wa kamati, tukashangilia. Niseme tu kwamba mimi ndiye niliyepiga makofi ya kwanza, video ipo na vijana wananirushia kila mwaka mpya.

Fundi wetu mmoja alitia shaka kidogo. Akashika ile kaplingi ya kwenye mpira, akaizungusha, akauliza: hii itaingiliana na ya Zimamoto wa mkoa? Dalali akacheka, akamgonga begani, akasema: "Bosi, hiyo ni standadi ya kimataifa." Na mimi, mwenye fungu la kamati kwenye begi, nikamwambia fundi wangu aache kumchosha mtu.

Standadi ya kimataifa! Kimataifa ya wapi? Ngoja nikwambie nilichokuja kujifunza kwa gharama. Mjerumani ana kaplingi yake inaitwa Storz, pande mbili zinafanana, unakutanisha na kuzungusha kidogo inakamata. Mwingereza ana ya dume na jike, unasukuma mpaka isikike imekamata. Mmarekani ana ya nyuzi, unazungusha mpaka mkono uchoke. Mjapani naye ana ya dume na jike ya kusukuma, ila makucha yake yamekaa kivingine kabisa. Hizo mbili za kusukuma, ya Mwingereza na ya Mjapani, zote zinaitwa "inchi mbili na nusu", ukiziweka mezani utaapa ni kitu kimoja. Jaribu kuziunganisha sasa. Nenda tu, jaribu. Na yule mtu alijua, kwa sababu kwenye stoo yake alikuwa na sanduku zima la aina tofautitofauti, kila moja na kibandiko chake. Wanunuzi wa kangomba, wale wa korosho za magendo kwa bei ya kutupa, tunawatukana kila msimu, lakini ukishakutana na dalali wa vifaa vya zimamoto utawaona ni mashekhe.

Basi. Kigari kikaja, tukakipaka rangi upya, mheshimiwa akaja kukizindua, mbuzi akaliwa. Kikakaa.

Ule usiku ulipofika, iliwaka stoo ya chama. Korosho zilikuwa bado shambani, ashukuriwe Mungu, lakini ndani mlikuwa na magunia matupu ya katani yamerundikwa mpaka kwenye kenchi, na salfa iliyobaki baada ya kupuliza mikorosho. Kama hujawahi kuona salfa inaungua, usitamani. Moto wake ni wa bluu, mchana unaweza usiuone, inayeyuka na kutiririka sakafuni ikiwaka, na hewa yake inakaba koo kiasi kwamba unajikuta umekimbia kabla hujaamua kukimbia. Na ukiipiga ile ya unga kwa maji ya nguvu yaliyonyooka unairusha hewani, hapo unaweza kupata mlipuko. Inatakiwa kunyunyiziwa maji laini kama ukungu, na watu wasimame upande upepo unakotoka. Sisi hilo tulikuwa hatulijui, tuliambiwa baadaye na askari wa Zimamoto, kwa sauti ambayo sitaiandika hapa.

Kigari kilifika haraka sana, nawapa vijana haki yao. Tangi lake dogo likaisha kabla hata hatujapanga nani ashike nini. Piga hesabu mwenyewe: pampu inayotoa lita 500 kwa dakika inamaliza tangi la lita 1,000 kwa dakika mbili. Lakini hatukuwa na wasiwasi, boza, lori la maji la lita 10,000, lilikuwa linakuja. Likaja. Likaegeshwa. Dereva akashuka na ufunguo mkononi, tukakimbilia bomba lake la nyuma na mpira wetu.

Haukuingia. Bomba la boza ni la nyuzi, inchi tatu. Mdomo wa kunyonyea wa pampu yetu una nyuzi zake za Kijapani. Tukaufunga kwa mpira wa tyubu ya pikipiki, ukafyatuka. Tukasema basi tupande juu, tutumbukize mpira wa kunyonyea kwenye mdomo wa juu wa boza. Mpira ukawa mfupi. Kale kampira alikotupatia dalali kalikuwa kanatosha pipa, lile pipa lake la uani, na si kitu kingine duniani. Kwa hiyo picha ni hii: lita elfu kumi za maji, pampu inanguruma vizuri kabisa, stoo inawaka, na katikati hakuna kitu.

Gari la Zimamoto likafika. Wenzetu wale wana utaratibu, wakaanza kutandika mipira. Stoo ilikuwa na upande wa nyuma ambako gari haliwezi kufika, wakahitaji kurefusha. Kiongozi wao akauliza, nyie mna mipira mingapi? Tukajibu kwa fahari, mingi! Tukaikimbiza. Akaangalia ncha ya mpira wetu, akaangalia ya kwake, akatuangalia sisi. Hakusema neno, akarudi kwenye gari lake. Mpaka leo mtaani kuna watu wananiita Mzee Kaplingi. Nimezoea, na kwenye harusi ndivyo ninavyotangazwa.

Stoo ilikwisha. Kilichookoka ni ukuta wa mbele na mizani.

Lakini kinachoniuma zaidi ya zile milioni ni hiki. Pembeni ya ile stoo, chini ya mwembe, kulikuwa na maturubai makubwa ya kuanikia korosho, yamekunjwa yamefungwa kamba. Na mbao zilikuwepo. Huko Marekani vikosi vya kujitolea vya vijijini, ambako hakuna mabomba ya barabarani, wanafanya hivi kila siku: wanasimamisha karo la turubai kando ya gari, boza linafungulia maji yote ndani kwa kasi yake, linageuka kwenda kuchota mengine, na pampu inanyonya kutoka kwenye karo. Maji yako chini, kampira kafupi kangetosha, na nyuzi za boza zisingekuhusu. Tuliruka juu ya hayo maturubai tukikimbia huku na huko. Mimi mwenyewe nilijikwaa kwenye moja.

Na usidhani ni ushamba wa Newala. Februari 1904 mji wa Baltimore huko Marekani uliungua, vikosi vikaja mpaka kwa treni kutoka Washington na miji mingine, na vingi vikakuta mipira yao haiingii kwenye mabomba ya Baltimore. Yaliteketea majengo zaidi ya 1,500. Nilipoisoma hiyo nilimtumia mwenyekiti wetu usiku uleule. Akajibu na kidole gumba tu.

Kwa hiyo sharti langu ni moja, na ukiniudhi nitalirudia kila ukurasa wa uzi huu: KAPLINGI KABLA YA GARI. Nenda kwa Kamanda wa Zimamoto wa mkoa wako, mweleze mpango wenu, omba kuona na kupima kaplingi wanazotumia, na kama atakuazima kipande kimoja cha dume na kimoja cha jike, vitie kwenye begi. Kisha nenda kwa mwenye boza mtakalolitegemea, pima bomba lake la nyuma, piga picha. Halafu ndiyo upande basi. Ukifika kwa huyo jamaa usiangalie maji yanaruka mpaka wapi. Pampu na mipira yake ni watoto wa tumbo moja, wataelewana tu. Toa kipande chako cha begini, kiingize kwenye mpira wake kwa mkono wako. Kikigoma, kunywa soda yake urudi nyumbani.

Atakwambia "adapta zipo", yaani vipande vya kuunganisha kaplingi za aina mbili. Mkuu, adapta! Tulikereza adapta kwa fundi mmoja Masasi, kazi safi kwa macho. Upande wa kutolea maji ilidondosha matone, tukavumilia. Upande wa kunyonyea ndipo tulipolia. Pale hata tundu la sindano linaingiza hewa, pampu inakosa ombwe, inanguruma tu bila kuvuta tone. Tulibadilisha raba mpaka raba zikaisha dukani. Adapta inunuliwe ya kiwandani, na ijaribiwe kwa kunyonya, si kwa kurusha. Na mpira wa kunyonyea uwe ule mgumu wenye waya ndani, maana ule laini unajikunja ukibanwa na hewa, na uwe mrefu.

Kitu kingine ambacho hatakwambia: pampu yoyote ya aina hiyo hainyonyi maji yaliyo chini zaidi ya kama mita 7. Hata uiombee dua. Kwa hiyo kama mnategemea kisima kirefu, hamna maji, mna shimo. Sisi sasa tuna simtanki za lita 5,000 karibu na soko na karibu na stoo mpya, zimejaa muda wote, na mwenye kuchota ya kuoshea pikipiki analipa faini ya mbuzi. Hilo lilifanya kazi kuliko kigari.

Zamu: gaweni kwa mitaa, si kwa siku, kwa sababu bodaboda hajui kesho atakuwa wapi. Na kabla hamjatoka mtu mmoja, kazi yake hiyohiyo, apige 114 ya Zimamoto. Wengine wote wanapiga kelele, huyo apige simu.

Kibali: msifanye jeshi lenu. Kuna Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, lina sheria yake ya 2007, na eneo la moto wao wakifika ndio wanaoamuru. Jiwekeni chini yao mapema. Mafunzo nayo yatatokea hukohuko, na utakuwa umeshafika ofisini kwa ajili ya kaplingi, unaua ndege wawili.

Pampu iwashwe kila wiki hata kama hakuna kitu, mipira ianikwe kivulini ikishatumika. Mkichota maji ya bahari mkienda pwani, suuzeni pampu na mipira kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Ulichouliza kuhusu sare sikikumbuki vizuri. Nunueni buti na glavu za ngozi, rangi mtagombana wenyewe.

Sasa fanya hivi: mwambie huyo jamaa akupigie picha ya kaplingi ya pampu, upande wa kunyonyea na wa kutolea, rula ikiwa imewekwa pembeni. Iweke hapa kwenye uzi. Akikwambia simu yake haina kamera, nadhani nimeshamjua ni nani.