Muulize Muuguzi: "Nywele zangu zipo, sasa naumwa nini?"

Asalaam aleikum, na shikamoo dada Muuguzi.

Mimi ni mwenyeji wa Tanga, nina miaka 49, mama wa watoto watatu, naishi Coventry, Uingereza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku. Mwaka jana nilikuwa na doa jeusi kisiginoni, nikadhani ni alama ya kiatu. Likazidi kupanuka, likaanza kutoa majimaji. Kipimo kikasema melanoma, saratani ya ngozi. Januari nilipasuliwa, wakakata kisigino na kuziba kwa ngozi ya pajani, wakatoa na tezi mbili za mtokini. Moja ilikutwa na saratani. Tangu Machi natiwa dripu ya pembrolizumabu kila baada ya wiki sita. Nimemaliza tano, zimebaki nne.

Picha za Agosti zilikuwa safi, alhamdulillahi. Lakini mimi si yule. Nalala, naamka nimechoka vilevile. Nasikia baridi wakati wenzangu wamevaa mikono mifupi. Vidoleni na pembeni mwa midomo yametokea mabaka meupe, na msibani kuna mtu alikataa kunipa mkono. Jioni mguu unavimba. Mwezi uliopita niliharisha siku nne, sikumwambia mtu hospitali kwa kuogopa wasije wakanikatia dawa. Ikaacha yenyewe. Mume wangu si mtu mbaya, ila husema: "Uvimbe umeshatolewa, hii dawa ni ya kuzuia tu, nywele unazo, sasa unaumwa nini?" Sina la kumjibu. Desemba mtoto wa kaka yangu anaoa Tanga, na shangazi ni mimi. Je, nistahimili kimya mpaka dozi nne ziishe? Na harusi niiache?

Shangazi, Coventry

*

Wa aleikum salaam, na marahaba mdogo wangu.

Nitaanza na zile siku nne ulizoficha, mengine yatangoja. Siku ya dripu ya kwanza ulipewa kadi yenye namba ya simu ya saa 24. Itafute leo, upige, useme: "Mwezi uliopita niliharisha siku nne." Hata kama imeacha. Seli za saratani zina ujanja wa kukanyaga breki ya askari wa mwili, yaani kinga yako, ili wasizishambulie, na dawa yako huiondoa breki hiyo. Waliotufungulia njia hiyo, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Lakini askari walioachiwa wanaweza kukosea wakashambulia utumbo, mapafu, ini, au tezi zinazotengeneza homoni. Kuharisha kwako huenda kulikuwa chakula tu, na huenda ni utumbo ulioanza kuwaka. Kwa simu moja na vipimo watajua.

Nilifanya kazi miaka 19 kwenye wodi ya dripu za saratani huko huko Uingereza kabla sijarudi Unguja. Nilimuuguza baba mmoja, dereva wa lori, aliyeficha kuharisha siku tisa kwa hofu hiyohiyo yako. Alipoletwa hakuweza kusimama. Alilala wodini wiki tatu akipewa steroidi, dawa ya kuwatuliza askari hao, kwa mshipa, na dawa aliyokuwa akiilinda ikasimamishwa palepale. Angesema siku ya pili, huenda angepewa prednisoloni, steroidi ya vidonge, akarudi nyumbani, na baadaye akaendelea na dozi zake. Namkumbuka mkewe alivyokuwa akikunja na kukunjua koti lake pale kitandani.

Na hata ikitokea dawa ikakatishwa, usione kwamba umeshindwa. Dawa yako ilipimwa katika utafiti mkubwa wa watu 1,019 waliokatwa melanoma iliyokuwa imefika kwenye tezi, kama wewe. Baada ya mwaka mmoja, watu 75 katika kila 100 waliopata dawa walikuwa hawajarudiwa na ugonjwa, dhidi ya 61 kwa waliopewa dripu isiyo na dawa. Mwaka 2020 walichambua tena watu hao hao, wakaona kwamba waliopata madhara ya kinga, yaani ya askari wale kukosea, walielekea kukaa muda mrefu zaidi bila kurudiwa. Sisemi uyaombe madhara. Nasema kumwambia daktari ukweli hakukuondolei kinga uliyokwisha kuipata.

Sasa uchovu na baridi. Hapo mimi nashuku tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni. Katika utafiti huohuo, karibu watu 14 katika 100 waliopata dawa tezi hiyo ililegea. Ikilegea, mtu husikia baridi, hupata choo kigumu, uso hujaa, mawazo huwa mazito, na usingizi haumshibishi. Najua unatolewa damu kabla ya kila dripu, lakini tezi inaweza kuwa sawa Julai na kulegea Septemba. Muulize muuguzi wako wa melanoma namba zenyewe za kipimo cha thairoidi, za mara hii na za mara iliyopita. Omba pia wapime kotisoli ya asubuhi, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, kwa sababu tezi hizo nazo huguswa, ingawa ni mara chache. Ukiona kizunguzungu unaposimama, kichefuchefu, na nguvu zimekwisha kabisa, hapo usingoje miadi, piga simu siku hiyohiyo.

Ikiwa ni thairoidi, tiba yake ni kidonge kimoja kwa siku, pengine maisha yako yote, na dripu huendelea. Humezwa tumbo likiwa tupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Ukifika Ramadhani mwambie daktari mapema, akupangie umeze wakati wa kulala, saa kadhaa baada ya kula, au kabla ya daku. Na huko England mwenye saratani hupewa cheti cha kuchukua dawa bure. Kama hujakiomba, kiombe.

Damu zikitoka safi zote, uchovu wako bado ni wa kweli. Umekatwa kisigino, umekaa na hofu ya picha, na unanyanyua wazee usiku kucha. Kitu kilichonishangaza kazini ni kwamba kutembea kidogo kila siku, dakika kumi au kumi na tano kwa kadiri kisigino kinavyoruhusu, kuliwasaidia wagonjwa wangu kuliko kulala mchana. Na zamu za usiku hizo ziache. Sheria ya Uingereza ya Usawa ya mwaka 2010 inamhesabu mtu mwenye saratani kuwa na haki ya ulinzi kazini tangu siku alipoambiwa ana ugonjwa, na mwajiri anatakiwa akurekebishie kazi kwa kiasi kinachowezekana. Omba zamu za mchana, saa pungufu, na usipangiwe kunyanyua. Omba kwa barua, ubaki na nakala.

Shemeji, na wewe soma hapa. Maneno yako niliwahi kuyasema mimi, tena nikiwa nimevaa sare. Dawa hizi zilipoingia wodini kwetu, tulikuwa tumezoea kemo, zile dawa kali za zamani za saratani, watu wanatapika na vichwa vimebaki vitupu. Nikamwambia mama mmoja, "Una bahati, hii nyepesi, hata nywele hazitoki." Aliniangalia, akasema polepole: "Nesi, jana nilishindwa kumchana mwanangu. Mikono ilichoka." Sikulisema tena neno lile kwa mgonjwa yeyote. Mkeo amekubali kutiwa mwaka mzima dawa kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda haumo tena mwilini mwake, ili asikuache. Hiyo "kuzuia tu" ni yeye anayeilipa, kwa siku zake.

Watafiti waliwauliza wagonjwa wa utafiti ule maisha yao yakoje, kwa dodoso la maswali 30: usingizi, hamu ya kula, kazi, huzuni, na kadhalika. Waliopata dawa na wasiopata walitofautiana chini ya alama 5 katika 100, kiasi ambacho watafiti hawakihesabu kuwa tofauti ya maana. Nafurahi kuyajua hayo, na nawe ufurahi, maana wengi huumaliza mwaka huo wakiishi karibu na kawaida. Lakini wastani wa watu elfu haukanyagi kwa kisigino chako. Wakikupa dodoso la namna hiyo, usijaze "vizuri" kila mahali kwa adabu. Andika kama ulivyoniandikia mimi.

Mabaka meupe ni mbalanga. Hayaambukizi, wala hayahusiani na ukoma, ambao nadhani ndio yule wa msibani aliufikiria. Askari wanaoiwinda melanoma huziwinda pia seli zinazotia ngozi rangi, maana asili yao ni moja. Yaonyeshe kliniki, uyapake mafuta ya kuzuia jua ukitoka, na ukipenda wakuelekeze vipodozi vya rangi ya ngozi yako. Naelewa uchungu wa mkono kukataliwa. Shika mikono ya wanaokupa.

Kuhusu mguu, mwambie muuguzi akupeleke kwa mtaalamu wa uvimbe wa limfu, yaani majimaji ya mwili yanayokwama mguuni tezi za mtokini zikishatolewa, akupime soksi ya kubana. Ukinunua ya kukisia dukani, inaweza kukuumiza.

Harusi usiiache. Kwa hesabu yangu dripu ya saba itaangukia mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kwa hiyo utakuwa na nafasi kabla ya ya nane. Mwambie daktari tarehe sasa hivi, akuandikie barua ya ugonjwa na dawa zako. Tafuta bima ya safari itakayokubali saratani, na uwatajie wazi. Dawa za kuzuia malaria umeze, na chandarua ulale ndani. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai, usichomwe kabla daktari wako wa saratani hajakubali. Ukitoka Uingereza moja kwa moja cheti chake hakitakiwi, lakini ukikaa masaa mengi uwanjani Nairobi au Addis Ababa unaweza kuulizwa, basi chagua ndege yenye kituo kifupi. Na ukipata homa au kuharisha ukiwa Tanga, huko watafikiria malaria na taifodi kwanza, na pengine ndivyo. Wape kadi yako kabla hawajaandika dawa, upige na ile namba ya Coventry siku hiyohiyo.

Mwambie kaka yako akuwekee kiti na kigoda cha kupandishia mguu upande wa kina mama. Shangazi huchagua, huamua, hutunza. Kucheza watacheza wasichana. Uniandikie majibu ya thairoidi yakitoka.