Omega-3 na ginko baada ya kuumia kichwa

Mpe pole kaka yako. Umeuliza kama aanze omega-3 (mafuta kama ya samaki) na ginko (dawa ya mitishamba), wiki mbili tangu aumie ubongo. Mimi ningesubiri. Ginko, na hata vitamini E ya dozi kubwa, zinaweza kuongeza hatari ya kuvuja damu, hasa kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Sitikolini, kirutubisho kingine kinachouzwa kwa ajili ya ubongo, nayo ilisifiwa sana, lakini jaribio la Marekani lililochapishwa 2012 (wagonjwa 1,213, miligramu 2,000 kila siku kwa siku 90) halikuonyesha nafuu yoyote kuliko kidonge kisicho na dawa. Chupa ikiandikwa “huponya ubongo”, hayo ni ya muuzaji. Mpelekee daktari chupa yenyewe asome lebo. Halafu, usingizi wake ukoje? Ningeanzia hapo.