Vikanyagio vya pikipiki vya kuchonga nyumbani

Swali: Nina mashine ndogo ya kuchongea vyuma, nami nataka kujitengenezea vikanyagio vya pikipiki yangu ya mbio, vikae juu na nyuma zaidi. Nijihadhari na nini?

Jibu: Bamba la alumini aina ya 6061-T6, lenye unene wa milimita 10, kwa kawaida linatosha; alumini aina ya 7075 ni imara zaidi, ila haikubali kuchomelewa. Pembe za ndani zizungushe, kwani ufa hupenda kona kali. Kinachonitia wasiwasi hasa ni breki ya nyuma, kwani kanyagio lake nalo huhama pamoja na vikanyagio: fimbo inayosukuma pistoni ya silinda kuu (ile inayosukuma mafuta ya breki) lazima ibaki na nafasi ndogo ya kucheza, maana pistoni isiporudi kabisa huziba tundu la kurudishia mafuta, ambayo yakipata joto hutanuka na kuikaza breki hata kama hujaikanyaga.