Asipelekwe, lakini asiachwe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni fupi: mtu aliyedukua kompyuta za nchi nyingine bila kutoka kwao, je, akabidhiwe kwa nchi hiyo akashtakiwe huko? Najibu hapana, maadamu kwao kuna sheria inayokataza alichokifanya na mahakama inayoweza kumhukumu. Lakini hapana yangu ina sharti. Nchi inayokataa kumtoa mtu wake imfikishe mahakamani yenyewe, na isichelewe. Wengi wa upande wangu huishia kwenye nusu ya kwanza, na ndiyo maana hoja yetu husikika kama utetezi wa wahalifu.

Riziki yangu ni kutunza seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine. Najua ilivyo kuamshwa usiku wa manane na simu ya kazini, ukakuta kumbukumbu zimefutwa, na kulipokucha wateja wamejipanga dirishani wanataka fedha zao. Aliyefanya hivyo simwonei huruma eti kwa kuwa ni kijana mwenye akili nyingi. Naomba nisomwe nikiwa upande wa walioumizwa pia.

Kesi ninayoirudia kila mjadala huu unapozuka ni ya Gary McKinnon, mzaliwa wa Glasgow aliyekuwa akiishi kaskazini mwa London. Wamarekani walidai kwamba kati ya Februari 2001 na Machi 2002 aliingia katika kompyuta 97 za jeshi lao na za shirika la anga za juu, NASA. Hakuwa na mitambo ya ajabu. Alikuwa na intaneti ya laini ya simu ya nyumbani na programu ndogo ya kutafuta kompyuta za Windows ambazo wenyewe waliziacha bila neno la siri, nazo hazikuwa chache. Alisema anatafuta ushahidi kwamba serikali ya Marekani inaficha habari za viumbe wa sayari nyingine na nishati wanayoitumia. Waendesha mashtaka walisimulia mengine: mafaili muhimu yalifutwa, mtandao wa jeshi wenye kompyuta 2,000 jijini Washington ukazimika kwa saa 24, kituo cha silaha cha jeshi la majini huko Earle, New Jersey, kikakwama muda mfupi baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na hasara ikapita dola 700,000. McKinnon alikiri kuingia, akakana kuharibu kwa kiwango hicho. Katika kompyuta mojawapo aliacha ujumbe wa kulaani sera za nje za Marekani, na kwa siku zile, majivu ya New York hayajapoa, ujumbe ule ulimgeuza kuwa adui.

Sasa tazama adhabu. Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 kama ilivyokuwa wakati ule, kuingia kwenye kompyuta bila ruhusa kulikuwa na kifungo kisichozidi miezi 6, na kubadili au kufuta kilichomo, kisichozidi miaka 5. Hati ya mashtaka ya Marekani, iliyotolewa Virginia mwezi Novemba 2002, ilikuwa na makosa saba, kila moja likibeba hadi miaka 10. Mtu ni yuleyule, kiti ni kilekile, vitendo ni vilevile, na miaka 5 inageuka 70 kwenye karatasi. Najua hakuna jaji ambaye angempa yote 70. Lakini karatasi hiyo ina kazi yake, na kazi yake ilionekana wazi.

Julai 2008 kesi ilifika Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Hukumu yake inaeleza mapatano aliyopewa. Akikubali kwenda mwenyewe na kukiri, mwendesha mashtaka angependekeza miaka mitatu hadi minne, na baada ya miezi michache angeweza kurudishwa Uingereza amalizie kifungo karibu na ndugu zake. Akipinga na kushindwa, miaka minane hadi kumi, pengine zaidi, na asitegemee kurudishwa. Malodi walisema hiyo ni kawaida ya mapatano ya kukiri kosa, wala si matumizi mabaya ya sheria. Kwa heshima zote, hapo siwezi kukubaliana nao. Mshtakiwa anayepewa mapatano kama hayo nyumbani bado ana wakili anayemfahamu, mama anayeweza kumtembelea, na dhamana anayoweza kuiomba. Aliyevushwa bahari hana hata kimoja. Mgeni asiye na makazi nchini humo, kila hakimu atahofia kwamba atatoroka. Kwake safari yenyewe ni adhabu, tena inaanza kabla shahidi wa kwanza hajaapa.

Na ushahidi? Chini ya sheria ya Uingereza ya mwaka 2003 ya kukabidhi watuhumiwa, Marekani haikutakiwa kuleta mbele ya hakimu ushahidi wa kutosha kuonyesha kwamba mtu ana kesi ya kujibu. Ilitosha kueleza tuhuma. Mwaka 2011 jopo la jaji mstaafu Sir Scott Baker liliichunguza sheria hiyo, likasema haielemei upande mmoja. Labda ni kweli ukipima mataifa mawili. Mimi nampima mtu. Kwa miaka kadhaa McKinnon alipanda na kushuka ngazi za mahakama za London bila hata moja kati yake kuketi kuamua kama alifuta yale mafaili au hakuyafuta. Zilichoamua ni kama aende.

Baadaye iligundulika kwamba ana hali ya Asperger, aina ya usonji. Madaktari walionya kwamba akipelekwa huenda akajiua. Mama yake, Janis Sharp, hakukaa kimya; aligonga kila mlango wa siasa uliokuwapo, na mawaziri wa mambo ya ndani wakapita mmoja baada ya mwingine. Tarehe 16 Oktoba 2012 waziri wa wakati huo, Theresa May, akatangaza kwamba haendi. Nilifurahi sana kwa ajili ya mama yule.

Furaha ile iliingia doa miezi miwili baadaye. Desemba 2012, Mkurugenzi wa Mashtaka, Keir Starmer, ambaye leo dunia inamjua kama mwanasiasa, alitangaza kwamba McKinnon hatashtakiwa Uingereza pia. Mashahidi na ushahidi mwingi vilikuwa Marekani, na uwezekano wa kumtia hatiani ulionekana mdogo. Basi ikaishia hapo. Mtu alikaa miaka kumi chini ya kivuli cha gereza la mbali, na hakuna mahakama, kule wala huku, iliyowahi kusema alifanya nini. Kama madai ya hasara yalitiwa chumvi, hakupata nafasi ya kusafishwa. Kama yalikuwa kweli, watunza mifumo wenzangu wa Earle waliokesha kurekebisha mambo hawakupata wa kuwasikiliza. Huruma ya waziri iliokoa uhai, na nashukuru kwa hilo. Kesi bado ilikuwa inadai kusikilizwa.

Uingereza ilijifunza kitu. Mwaka 2013 iliongeza kwenye sheria kifungu kinachomruhusu jaji kuuliza kesi inafaa isikilizwe wapi: madhara mengi yalitokea wapi, ushahidi uko wapi, mtuhumiwa ana uhusiano gani na nchi anayoishi. Kifungu hicho ni mojawapo ya sababu zilizomnusuru Lauri Love, kijana wa Suffolk aliyetuhumiwa kuingilia kompyuta za jeshi la Marekani, NASA na Benki Kuu ya nchi hiyo. Februari 2018 Mahakama Kuu ilizuia asipelekwe. Lakini majaji hawakuishia hapo. Walisema kumbakiza hakumaanishi kumpa kinga, na kwamba waendesha mashtaka wa Uingereza sasa waelekeze nguvu zao katika kumshtaki nyumbani, wakisaidiwa na Wamarekani. Nilipolisoma agizo hilo nilisema hili ndilo lililokosekana kwa McKinnon. Kasoro yake ni kwamba ni maneno ya majaji tu. Sheria yenyewe haimlazimishi mwendesha mashtaka kufanya lolote.

Hoja kubwa ya wanaonipinga ni hiyohiyo ya Starmer, kwamba ushahidi uko kwa aliyeumizwa. Kwa wizi wa ng'ombe ningekubali haraka. Kwa udukuzi, sivyo. Ushahidi wa udukuzi ni kumbukumbu za seva, nakala za diski, anwani za mtandao, na hivyo husafiri kwa urahisi kuliko mtu aliyefungwa pingu. Nusu ya pili ya ushahidi ni kompyuta ya mtuhumiwa mwenyewe, nayo katika kesi hizi ilichukuliwa na polisi wa Uingereza. Shahidi anaweza kusikilizwa kwa video. Mahakama zetu za Afrika Mashariki zimekuwa zikisikiliza kesi kwa njia hiyo, hasa tangu wakati wa corona. Kinachokosekana mara nyingi ni utashi wa nchi iliyoumizwa kutuma faili badala ya kudai mtu.

Wapo wanaouliza: na ikiwa kwao hakuna sheria? Hilo lilitokea. Mei 2000 kirusi kilichojificha ndani ya barua pepe ya mapenzi kilitoka Manila kikaangusha kompyuta dunia nzima. Ufilipino haikuwa na sheria ya kumshtaki kijana aliyetuhumiwa, na kwa kuwa mikataba ya kubadilishana watuhumiwa hutaka kitendo kiwe kosa katika nchi zote mbili, hata kumpeleka nje hakukuwezekana. Mashtaka yakafutwa. Dawa yake ilikuwa kutunga sheria, na Ufilipino iliitunga Juni mwaka huohuo. Tanzania tunayo tangu 2015, Kenya tangu 2018. Zina makali yanayonitia hofu zinapogeuzwa dhidi ya wakosoaji wa serikali, na hilo linahitaji barua yake. Lakini hakuna tena wa kusema kwamba mdukuzi wa Dar es Salaam au Nairobi hashtakiki kwao.

Gumu zaidi kwangu ni nchi zinazowakatalia wenzao kisha zikakaa kimya. Katiba ya Urusi inakataza kumkabidhi raia kwa nchi nyingine. Roman Seleznev, mtoto wa mbunge, aliiba namba za kadi za benki zaidi ya milioni moja, nyingi kutoka kwenye mikahawa midogo ya Marekani ambayo wenyewe ni watu wa kawaida kama wewe na mimi. Julai 2014 alikamatwa akiwa mapumzikoni Maldives, akarushwa hadi Guam, kisiwa cha Marekani, na mwaka 2017 akahukumiwa miaka 27. Siwezi kumlilia. Ila ona mwisho wake: Agosti 2024 alirudishwa Urusi katika mabadilishano makubwa ya wafungwa. Hukumu ya wenye mikahawa ile ikageuka sarafu ya wanasiasa. Nchi yake ingemshtaki, asingewindwa akiwa mapumzikoni, wala asingekuwa wa kubadilishwa na mtu.

Njia za mkato za namna hiyo hata Afrika Mashariki tumeziona. Desemba 2014, baada ya moto katika nyumba moja mtaa wa Runda, Nairobi, polisi walikamata watu 77 waliodaiwa kuendesha utapeli wa simu na mtandao dhidi ya watu walioko China. Aprili 2016, wengine wakiwa tayari wameachiwa huru na mahakama ya Kenya, Wataiwani 45 walipakiwa kwenye ndege kupelekwa China bara huku Taiwan ikilalamika. Mwaka uliofuata mahakama ya Beijing iliwafunga wengi wao, baadhi hadi miaka 15. Waliotapeliwa walikuwa China, kweli, na walistahili haki. Lakini mtu aliyeachiwa na hakimu wa Nairobi hakupaswa kusukumiwa kwenye ndege na polisi bila hakimu mwingine kuulizwa kama aende na aende wapi. Nikilazimika kuchagua kati ya hilo na utaratibu mrefu wa Uingereza, nachagua utaratibu, pamoja na kasoro zake zote.

Sasa Umoja wa Mataifa una mkataba wake wa makosa ya mtandao, uliopitishwa na Baraza Kuu Desemba 2024 na kuanza kutiwa saini Hanoi Oktoba 2025. Utaanza kutumika nchi 40 zikiuridhia. Unasema nchi ikikataa kumtoa mtu kwa sababu tu ni raia wake, basi ikiombwa impeleke kwa waendesha mashtaka wake. Ni hatua nzuri, ila ni finyu: McKinnon hakubakizwa kwa sababu ya uraia, alibakizwa kwa sababu ya afya yake, kwa hiyo kifungu hicho kisingemgusa. Mkataba huu ukifika kwenye mabunge yetu, wabunge wasiishie kuuridhia. Waandike katika sheria zetu kwamba mtuhumiwa wa udukuzi akibakizwa kwa sababu yoyote ile, iwe uraia, ugonjwa au hofu ya adhabu kubwa kupita kiasi, faili lake liende kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ndani ya muda uliotajwa. Naye akiamua kutoshtaki, atoe sababu zake kwa maandishi, na walioumizwa wapewe nakala.

Msomaji wenu, Tanga