Wakili niliyeachana naye anaweza kunitaja mahakamani?

SWALI: Shikamoo dada. Nauza dagaa Mwaloni Kirumba na ni mweka hazina wa kikoba chetu. Nilichukua hela ya kikoba nikanunulia mzigo, bei ikaanguka, wenzangu wakanifungulia kesi ya jinai. Wakili nilimweleza yote, hadi nikamuomba tuandike daftari upya ionekane nilikopeshwa, akakataa, tukaachana vibaya. Sasa nasikia yuko karibu na wenzangu wale. Anaweza kwenda kunisema? Mume wangu na mchungaji nao wanajua.
Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba mama, pole sana, najua hulali. Siri uliyompa wakili ni ya kwako siyo ya kwake, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, ya tangu 1967, inamkataza kuitoa mpaka wewe mwenyewe umruhusu waziwazi, na kuachana kwenu hakufuti hilo katazo hata ipite miaka 20. Karani wake naye hivyohivyo, na kama kuna mtu aliwatafsiria Kisukuma, naye pia. Kwahiyo pale uliposema "nilichukua", umelindwa.

Lile la daftari ndo linanipa wasiwasi na siwezi kukuficha. Kukiri kilichopita kunalindwa, ila maneno ya kutaka msaada wa kufanya jambo la haramu, kama kughushi, hayalindwi kabisa. Alifanya vizuri kukataa. Tafadhali mama usiliguse hilo daftari, usifute hata mstari mmoja, na usidhani ukimpa wakili alitunze ndo limekuwa siri, lilikuwepo kabla yake.

Mume wako kwenye kesi kama hii halazimishwi kutoa ushahidi dhidi yako, akitaka mwenyewe anaweza, na mahakama inatakiwa imwambie hivyo kabla hajaanza kusema. Ingekuwa kosa ulimfanyia yeye au watoto hapo ingekuwa habari nyingine.

Mchungaji sasa, sheria hiyo haijampa kinga ya wakili, hata daktari haijampa, akiitwa anaweza kutakiwa ajibu. Linaniuma hili maana wengi wetu tunaenda kutubu kwanza ndo tunatafuta wakili.

Halafu hakikisha huyo alikuwa wakili kweli, kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama jina lake linaonekana, maana kinga hii ni ya wakili, vishoka haiwahusu. Ukipata mwingine mpelekee daftari lilivyo, na habari ya kutaka kuliandika upya mwambie siku hiyohiyo ya kwanza, asije akaisikia kwa wenzako.